Bia ya Ngano na Asali Kyela: Tunahesabu Kutoka Kumi

Ukitangaza Kyela kwamba unapika bia nyepesi ya ngano yenye asali, watu wawili watakutazama vibaya. Wa kwanza ni bwana wa baa. Mbeya kuna kiwanda cha bia cha TBL, na ng'ambo ya mto Songwe Wamalawi walijengewa kiwanda cha Carlsberg pale Blantyre mwaka 1968, cha kwanza nje ya Denmark. Bia haijaadimika, sasa wewe unataka nini? Wa pili ni mama anayepika kimpumu, pombe ya ulezi, na swali lake ni zito zaidi: "Mwanangu, ngano si ya maandazi?"

Wote wawili wana hoja. Pika hivyohivyo. Kyela, bila kujua, imejaliwa au inaweza kupata karibu kila kitu ambacho bia hii inadai, isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho nimekiweka mwisho. Nimepanga mambo kumi, kuanzia lisilo na uzito hadi lile litakalokutoa jasho. Kipimo chetu ni ndoo ya lita 20. Ukizidisha hapo, hiyo si bia ya nyumbani tena, ni kampeni ya udiwani.

10. Jina la bia

Usihangaike nalo. Ukiiita Mwakangano, wazee watauliza ni Mwakangano wa Ipinda au wa Ntebela, na kabla hujafungua chupa ya kwanza umeshapatiwa ukoo mzima. Wote wana kiu.

9. Hopsi

Ni ua linaloipa bia uchungu wake na kuisaidia isichache haraka. Halioti Kyela. Linataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za baridi, na jua letu huingia kazini saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, mwaka mzima, bila ovataimu. Bahati nzuri bia ya ngano haitaki uchungu mwingi: gramu 15 hadi 20 za hopsi kavu zinatosha ndoo nzima, na ukiwa na ndugu anayesafiri zinaingia mfukoni mwa koti. Ukikosa, fanya kama Wabelgiji wanavyofanya kwenye bia yao nyeupe ya ngano: maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa ile nyama nyeupe ya ndani, na mbegu za giligilani zilizotwangwa kidogo, dakika kumi za mwisho za kuchemsha. Ila bila hopsi bia haikai. Inabidi iishe mapema. Sijasikia Kyela mtu akilalamikia sharti la namna hiyo.

8. Sheria na mchungaji

Kupika kwa ajili ya meza yako ni jambo moja, kuuza ni jingine. Ukianza kuuza unahitaji leseni ya vileo, na mwenyekiti wa kitongoji atajua umeanza kuuza kabla hujajua mwenyewe. Ukichemsha pombe ukakinga mvuke, hiyo sasa ni gongo, na msaada unaouhitaji hautoki kwa mwandishi bali kwa wakili. Wala usithubutu kufungasha kwenye vifuko vidogo vya plastiki "vya kuonjesha tu". Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na hakuna anayevikumbuka kwa wema, isipokuwa waliokuwa wakivinywa, na hao hawakumbuki vizuri.

Upande wa kanisa ni mgumu zaidi. Wamoravian na Walutheri waliingia Unyakyusa mwaka 1891, kwa hiyo jirani yako wa kulia ana maoni, na wa kushoto pia anayo.

7. Maji

Ni mengi. Machi na Aprili yanakufuata hadi sebuleni. Yachemshe.

6. Chungu cha Ikombe au ndoo ya plastiki

Hapa moyo unavuta upande mmoja na akili upande mwingine. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu bila gurudumu, huvichoma kwa moto wa wazi, kisha husafirisha kwa mitumbwi hadi Matema. Kutoka hapo vinapanda magari kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Kabla ya kulipa, kishike mdomoni kining'inie kidogo, kigonge ubavuni kwa kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinanyamaza, na muuzaji naye ananyamaza.

Tatizo ni kwamba chungu hakina mng'aro wa kuziba vitundu. Ukuta wake hunywa pamoja nawe na kuhifadhi chachu na bakteria wa pombe iliyotangulia. Mama wa kimpumu anategemea hilo. Chungu chake kinajua kazi. Bia ya ngano haipati faida hiyo: ikikaa mle siku nne itachacha, na ladha ya asali itafichwa na ukali. Ikikutokea mbele ya wageni, waambie kwa sauti tulivu kwamba umepika Berliner Weisse, ambayo kweli ni bia ya ngano, nyepesi na kali, na katika karne ya 19 ndiyo iliyokuwa ikipendwa kuliko zote mjini Berlin. Wamisionari wa Chama cha Berlin waliofika huku 1891 wakiongozwa na Alexander Merensky wangeitambua kwa harufu tu. Kama wangekiri au la, hilo ni la kwao na Mungu.

Pikia kwenye ndoo. Ile ya mafuta ya kula, yenye mfuniko, iliyosuguliwa hadi harufu iishe. Ndoo ya rangi, hata ukiiosha mara saba, inabaki kuwa ndoo ya rangi.

5. Mrija

Kimpumu hainywewi kwa glasi ikiwa unaiheshimu. Ulezi uliochachishwa unakaa chunguni ukiwa mzito, maji ya moto yanamiminwa, na kila mmoja ana mrija wake wenye kichujio nchani ili asivute makapi. Yakipungua, maji yanaongezwa, hadi utamu uishe au stori ziishe. Kinachotangulia kuisha kwa kawaida ni utamu. Waluhya wa Kenya wanywa busaa na Wateso wanywa ajon wanayajua haya, na mihuri ya kale ya Mesopotamia ina picha za watu waliozunguka mtungi na mirija yao, miaka elfu nne na zaidi iliyopita. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 na mumewe Godfrey, aliandika kitabu kuhusu vijiji vya marika, ambako vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja na kunywa pamoja. Kilitoka mwaka 1951, na jina alilokipa ni Good Company. Hakuhitaji kutafuta mbali.

Sasa bia yetu. Ina gesi. Ukiivuta kwa mrija povu linakuja na haraka zake na kutokea puani. Mimina kwenye glasi ndefu.

Lakini glasi nayo ina hasara yake, na ziwa hili lina ushahidi. Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Guendolen na Kapteni Berndt wa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann walikuwa marafiki wa kunywa pamoja kabla ya vita. Agosti 1914 Rhoades alipata habari kwamba nchi zao zinapigana, akamfuata mwenzake hadi Liuli, ambako meli ya Mjerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua ndogo, akapiga makasia hadi ilipo Guendolen na kumfokea rafiki yake, akiamini kabisa kwamba jamaa amelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna vita. Ndivyo inavyokuwa kila mtu akiwa na glasi yake. Wangekuwa na chungu kimoja na mirija miwili, taarifa ingefika.

4. Pumba za mpunga

Hapa ndipo Kyela inapoanza kuwazidi wengine, na hapa nitakaa kidogo.

Punje ya shayiri huvunwa na ganda lake, na ukishaisaga na kuiloweka kwenye maji ya moto, yale maganda hujipanga chini na kuwa kichujio. Maji matamu yanapita, makapi yanabaki. Ngano haina msaada huo. Ganda lake hubaki uwanjani siku ya kupura. Ukiloweka kimea cha ngano unapata uji unaonata, unaziba nafasi zote, na bomba la kuchujia linatoa tone moja, linafikiri, linatoa jingine. Wapika bia wa dunia nzima wanaijua adha hii na dawa yake ni moja: wanachanganya pumba za mpunga ili uji upate pa kupumulia. Marekani zinauzwa kwa uzito, zimefungwa kwenye mfuko wenye lebo.

Kyela ziko nyuma ya mashine ya kukoboa, mlima mzima, na mwenye mashine atakushukuru ukizipunguza kabla wachoma matofali hawajaja. Atataka tu kujua za nini. Ukimwambia za bia atakupa kiroba kizima bure ili apate kusimulia.

Kwa ndoo yetu tunahitaji kilo 2 za kimea cha ngano na nusu kilo ya kimea cha ulezi, kwa hiyo gramu 250 za pumba zinatosha. Zipepete chenga na vumbi, zisuuze kwa maji ya moto hadi yatoke meupe, kisha changanya. Haziongezi ladha wala sukari. Hata kama mpunga ulikuwa ule wa kunukia, harufu imeondoka na mchele. Na ikiwa uko Dar es Salaam unasoma haya, tafadhali usidhani pumba za mchele ulioandikwa "Kyela" sokoni kwenu ni za Kyela. Mchele unaouzwa nchi hii kwa jina hilo ungekuwa wote umelimwa hapa, tungekuwa tumelima mpaka katikati ya ziwa.

Neno moja la kuchujia: tumia kitambaa safi cha pamba au kichujio cha togwa. Usitumie chandarua. Kile cha zahanati kimetiwa dawa ya kuua mbu. Najua kuna wanaovulia dagaa. Nimeshasema.

3. Asali

Watu wengi hutia asali wakitarajia bia tamu, halafu wanalaumu nyuki. Karibu sukari yote ya asali ni ile ambayo hamira inaimaliza bila kubakiza. Kimea huacha sukari nyingine ambazo hamira haiwezi kuzitafuna, ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Asali haiachi. Inaongeza kilevi na kuifanya bia iwe nyepesi zaidi na kavu zaidi. Kinachobaki ni harufu, tena ukiitunza.

Kuitunza maana yake ni kutoichemsha. Asali ikichemka saa nzima harufu yake inakwenda kwa majirani. Zima moto kwanza, acha sufuria ipoe kiasi, ndipo umimine gramu 600 na kukoroga. Kwa kipimo hiki unapata bia ya kilevi cha asilimia 3.5 hadi 4, ya kunywa mchana na mbasa wa kuchoma, ukabaki na uwezo wa kusoma bili.

Ipi? Asali ya Chunya ndiyo ya jirani, yenye rangi nzito na ladha ya miombo. Ya Tabora na Katavi ni nzuri pia, na wenyeji wa huko wamekuwa wakiigeuza wanzuki zamani, kwa hiyo usiwafundishe. Ya nyuki wadogo wasiouma iache. Ni ghali, ina maji mengi, na nyumbani kwenu bibi anaihesabu kuwa dawa. Ukiitia kwenye bia hutahitaji kusubiri ichachuke ndipo uumwe kichwa.

Kisha kuna asali ya stendi, ya chupa ya maji, inayoingizwa dirishani basi likiwa linaondoka. Muuzaji atachovya njiti ya kiberiti, ataiwasha, itawaka, atakuangalia kwa ushindi. Njiti ile inapima maji tu. Sukari guru iliyochemshwa ikawa nzito inawaka vilevile, kwa furaha ileile. Nunua kwa mfugaji nyuki unayeweza kumrudia.

Sehemu ya hatari ni chupa. Uchachukaji unataka subira, na mwenye haraka hufunga bia ikiwa bado inafanya kazi. Gesi ikikosa pa kwenda, chupa ya kioo inapasuka na kabati linapasuka nayo. Subiri hadi kipimo cha uzito wa bia kisomeke vilevile siku tatu mfululizo, ndipo utie gramu 6 za sukari kwa kila lita na kufunga. Kama huna uzoefu, funga kwenye chupa nene za plastiki za soda. Ukiibonyeza ikawa ngumu, gesi imetosha. Chupa ya kioo haitoi taarifa ya aina hiyo, inatoa ya mwisho tu.

2. Mama wa kimea

Kila kitu hapo juu unaweza kusoma. Hiki inabidi uombe.

Ngano yenyewe inashuka kutoka nyanda za Makete na Njombe. Dai ngano ya chakula. Mbegu ya duka la pembejeo iliyopakwa rangi, ya waridi au nyekundu, ina dawa ya kuua kuvu, na hakuna kuosha kunakoitoa ikawa salama. Ukishapata ngano safi, nenda kwa mama anayeuza kimea cha ulezi sokoni. Salimia vizuri. Usianze na swali. Nunua kimea cha ulezi kwanza, nusu kilo ile tunayoihitaji, ulipe bila kuomba punguzo, ndipo utaje ngano.

Atacheka, kisha atakueleza. Loweka usiku, mwaga maji asubuhi ili punje zipumue, loweka tena. Tandaza kwenye mkeka kivulini, si unene wa zaidi ya vidole vitatu, funika kwa majani ya mgomba. Geuza asubuhi na jioni. Hapo ngano inatofautiana na ulezi wake: haina ganda la kulinda chipukizi, kwa hiyo ukigeuza kwa koleo unalikata, na punje iliyokatwa inaota ukungu. Geuza kwa viganja. Joto la Kyela linaharakisha. Siku tatu zinaweza kutosha, wakati Ulaya wangekuwa bado wanakunywa chai. Chipukizi likikaribia urefu wa punje, anika juani hadi likauke kabisa, fikicha mizizi itoke, peta. Ukiona kijani au cheusi, ukasikia harufu ya uvungu, mwaga. Usiwape kuku. Kuku hawana kosa.

Mama atatafuna punje moja ya kimea chako mbele yako. Kimea kizuri kinavunjika kama biskuti, na utamu unafuata. Kibichi kinagoma katikati. Hana kipimo kingine, wala hajakosea. Akitikisa kichwa, rudi kwenye mkeka.

Baada ya hapo kazi ni ya jikoni tu. Saga kwa kukwaruza, usipate unga. Weka kwenye maji ya nyuzi 65, changanya na pumba zako, funika kwa blanketi saa moja. Chuja, suuza makapi kwa maji ya moto. Ulichonacho hapo ni togwa ya ngano, na watoto wataitambua kabla yako, kwa hiyo watengee jagi lao mapema kabla hujaanza kuchemsha saa nzima na hopsi zako. Makapi yapeleke kwa mwenye nguruwe. Atakuletea soseji au hatakuletea, inategemea malezi yake.

1. Joto

Hiki ndicho kitu Kyela haina cha kukupa: ubaridi. Mji uko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hewa imejaa unyevu wa ziwa, na mchana wa Novemba hata feni inatoa jasho. Hamira ya bia ya ngano inataka nyuzi 18 hadi 24. Ikipita hapo inazidisha harufu ya ndizi mbivu, kwanza kidogo na ya kupendeza, halafu bila adabu. Watu wa Munich hulipa kwa harufu hiyo. Sisi migomba iko mlangoni, hatuna sababu ya kuichachisha upya kwenye ndoo. Ikipanda zaidi inakuja harufu ya rangi ya kucha, na kesho yake kichwa chako kinasimulia kila nyuzi iliyozidi.

Wa mtandaoni watakuambia uviringishe ndoo kwa kitambaa kilicholowa. Huko Dodoma kunasaidia, hewa ni kavu na maji yanaruka. Kyela kitambaa kinakaa kimelowa na ndoo inakaa na joto lake, wanafahamiana. Karai la maji lenye chupa za barafu, ukizibadilisha asubuhi na jioni, linafanya kazi, mradi umeme haujakatika na mwenye friji ni mtu wenu. Hamira ya mkate inavumilia joto, ila inaacha ladha ya mkate na haitulii chini. Kwa kuwa bia ya ngano huwa na wingu hata ikiwa nzima, unaweza kudai ulikusudia. Bora zaidi ni hamira ya kveik, ya mashambani Norwe. Inachachusha vizuri hata joto likikaribia nyuzi 40 na kumaliza kazi kwa siku chache. Norwe, nchi ya theluji, ndiyo iliyotunza hamira ya watu wa Kyela. Agiza pakiti, tunza mashapo yake kwenye chupa safi, hutaagiza tena hivi karibuni.

Na kama hutaki kuagiza, subiri Juni na Julai usiku unapopoa. Au fanya wanavyofanya watu wenye akili: panda gari na ndoo yako hadi Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu, ambako ukungu hauombi ruhusa na watu hulala na mablanketi mawili. Karibu kila mtu wa Kyela ana shemeji Tukuyu. Mwombe pembe ya chumba cha stoo kwa majuma mawili. Atakubali haraka kuliko ulivyotarajia. Atasema ndaga fijo, asante sana, kana kwamba wewe ndiye uliyemfanyia hisani, na atauliza kama mfuniko unafunguka kwa urahisi.

Peleka ndoo mbili.